Adabu ya Ndoana

Wavuvi ni wa namna mbili. Wa kwanza huenda majini kwa sababu chungu ki mekoni na watoto wanangoja. Wa pili huenda kwa sababu kazi imekwisha, moyo umechoka, na ukingo wa mto una utulivu usiopatikana mjini. Wa kwanza akitoa uhai wa samaki, haja yake humtetea. Wa pili hana utetezi huo. Aweza kurudi nyumbani mikono mitupu asilale na njaa. Basi yeye, atwaaye uhai wa kiumbe kwa ajili ya kujifurahisha, afungwe na sheria gani? Na ni nani wa kumsimamia, maadamu mara nyingi yu peke yake, hana shahidi ila maji yenyewe?

Swali hili si geni. Limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia tano, na majibu yake yamekuja moja baada ya jingine. Kila jibu lilikuwa la kweli kwa kiasi chake, na kila jibu liliacha mlango wazi ambao kosa jipya liliuingilia. Kwa hiyo historia ya adabu ya uvuvi wa burudani si habari za wema ulioongezeka mwaka hata mwaka. Ni habari za watu waliokuwa wakigundua, aghalabu kwa kuchelewa, kwamba yuko mwingine mwenye haki katika maji yale ambaye hawakumhesabu.

Kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa Uingereza juu ya uvuvi wa ndoana kilitoka Westminster mwaka 1496, katika kiwanda cha Wynkyn de Worde, aliyerithi kazi ya William Caxton. Kilikuwa sehemu ya kitabu kikubwa zaidi kilichohusu uwindaji, ndege wa kuwindia na alama za nasaba za waungwana. Mapokeo yamempa utungaji wake mtawa mmoja mwanamke, Juliana Berners, ingawa ushahidi wa jambo hilo ni dhaifu. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni ya ufundi: jinsi ya kutengeneza ufito, kusokota mshipi kwa singa za mkia wa farasi, kufua ndoana kwa sindano, na kufunga nzi wa bandia wa namna kumi na mbili. Lakini mwishoni mwandishi aligeuka kutoka kwa mikono ya mvuvi akasema na nafsi yake.

Aliamuru kwamba mvuvi asivue katika maji ya maskini pasipo ruhusa yake na hisani yake. Asivunje mtego wa mtu uliotegwa mahali pake, wala asitoe samaki aliyenaswa ndani yake. Asibomoe ua wa shamba akitafuta njia ya mkato, wala asipite katika lango pasipo kulifunga tena. Asiifanye kazi hii kwa tamaa ya fedha, bali kwa faraja ya roho na afya ya mwili. Asichukue samaki wengi mno kwa mara moja, kwa maana kufanya hivyo ni kuharibu burudani yake mwenyewe na ya wenzake.

Amri hizi zinastahili kutazamwa kwa makini. Tatu za kwanza hazisemi neno juu ya samaki. Zinamhusu jirani: ua wake, lango lake, mtego wake, kidimbwi chake. Mvuvi wa burudani alikuwa mtu mwenye nafasi. Maskini alikuwa na mtego tu. Mwandishi yule alijua kwamba burudani ya mwenye nafasi huelekea kupita juu ya riziki ya asiye nayo, akaliweka jambo hilo mwanzo wa orodha yake. Kabla mtu hajaambiwa amfanyie nini samaki, aliambiwa asimwibie maskini.

Hata hivyo, kitabu hichohicho kina jambo la kustaajabisha. Mwishoni imeelezwa kwamba maneno hayo hayakutolewa katika kijitabu kidogo cha bei rahisi, bali yalifungwa ndani ya kitabu kikubwa cha waungwana kwa makusudi, ili watu wavivu wasiokuwa na kiasi wasikinunue kwa senti chache na kuangamiza samaki. Elimu ilifungiwa kwa bei. Hapo ndipo palipoachwa mlango wa kwanza wazi: ilidhaniwa kwamba kiasi ni tabia ya mwenye mali, na uharibifu ni tabia ya asiye nayo. Dhana hiyo ilisafiri mbali, na itaonekana tena katika maji ya Afrika.

Baada ya miaka mia moja na hamsini na saba, yaani mwaka 1653, Izaak Walton alitoa kitabu chake mashuhuri, The Compleat Angler. Walton alizaliwa Stafford mwaka 1593, akafanya biashara London, na alikuwa mfuasi wa mfalme na kanisa la zamani. Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa amekatwa kichwa mwaka 1649. Marafiki wa Walton walikuwa wamepoteza vyeo na makao. Kwa watu kama hao ukingo wa mto ulikuwa kimbilio. Kitabu chake kilifundisha subira, shukrani, mazungumzo mema na kutosheka na kidogo. Pia alilalamika kwamba sheria za kale zilizokataza kuvua samaki wakati wa kuzaa, na zilizolinda makinda ya samoni, zilikuwa zimeandikwa lakini hazitekelezwi. Kwa kuwa zilikuwa kazi ya wote, hapakuwa na mmoja aliyeishika.

Lakini Walton huyohuyo, mpole wa wapole, alifundisha pia namna ya kumtunga chura aliye hai katika ndoana: ipitishwe kinywani itokee kwenye matamvua, kisha mguu wake ushonwe kwa uzi na sindano, na katika kufanya hayo mvuvi amshughulikie chura kwa upendo, asimwumize kuliko inavyolazimu, ili aishi muda mrefu zaidi. Msomaji wa leo husita hapo. Walton hakusita. Adabu yake ilimhusu Mungu, jirani na moyo wa mvuvi. Haikufika kwa chura, wala haikufika kwa samaki.

Aliyemwonyesha pengo hilo kwa ukali kuliko wote ni mshairi Lord Byron. Katika sehemu ya kumi na tatu ya utenzi wake Don Juan, iliyotolewa mwaka 1823, alimwita Walton mkatili, akamtakia ndoana kooni mwake na samaki mdogo wa kuivuta. Waswahili wangalisema kwa maneno machache: mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Wavuvi walikasirika, kisha wakasahau. Lakini swali lilikuwa limekwisha tupwa majini, na lilikuwa na uzito wa chubwi; lilizama lisipotee.

Jibu la pili lilitoka Marekani, nalo lilikuja kwa njia ya michezo. Katika kisiwa cha Santa Catalina, pwani ya California, watu walikuwa wakivua jodari na samaki wengine wakubwa kwa mishipi minene ya mkononi, wengi kupita wawezavyo kula, na mizoga ikitupwa. Mwezi Juni mwaka 1898, Charles Frederick Holder, mtaalamu wa viumbe, alimkamata kwa ufito na mshipi mwembamba jodari wa ratli 183, baada ya kushindana naye kwa muda unaokaribia saa nne. Mwaka huohuo yeye na wenzake walianzisha Tuna Club mjini Avalon. Shabaha yao ilikuwa haki kwa samaki. Mshipi usiwe mnene kupita kipimo. Mvuvi amlete samaki mwenyewe pasipo kusaidiwa. Ufito ukivunjika, samaki asihesabiwe.

Mwaka 1939 fikira hiyo ilipata chombo cha kimataifa. Michael Lerner na wenzake waliunda International Game Fish Association katika Jumba la Makumbusho ya Viumbe la New York, ili kuwe na kanuni moja ya mashindano na daftari moja la rekodi kwa bahari zote. Tangu hapo mvuvi wa California na mvuvi wa Malindi waliweza kupimwa kwa kipimo kimoja.

Jibu hili lilikuwa na ubora wake. Lilimwona samaki kuwa mshindani mwenye heshima, si nyama tu. Walakini lilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, mashindano ni mapatano ya wawili, na samaki hakupatana na mtu yeyote. Aliyeingizwa vitani pasipo kuulizwa hapati faida kubwa kwa kuambiwa kwamba vita ni vya haki. Pili, kadiri mshipi ulivyokuwa mwembamba ndivyo pambano lilivyokuwa refu, na kadiri pambano lilivyokuwa refu ndivyo samaki alivyozidi kuchoka. Tena rekodi ilitaka mizani, na mizani ilitaka samaki aletwe nchi kavu. Ndiyo maana picha nyingi za miaka ile zinafanana: mtu amesimama akitabasamu, na ubavuni pake samaki mkubwa ananing'inia kichwa chini. Heshima ya mshindani iliishia katika kamba ya kutundikia. Ulipita muda mrefu kabla ya kubadilika kwa jambo hilo. Mwaka 2011 ndipo chama kile kilipoanzisha rekodi za urefu, ambazo humlazimu mvuvi kumpima samaki na kumrudisha majini akiwa hai.

Fikira ya kumrudisha samaki ilitangulia rekodi hizo kwa muda mrefu. Mwaka 1939, mwaka uleule wa kuundwa kwa chama, Lee Wulff aliandika katika kitabu chake juu ya uvuvi wa maji matamu kwamba samaki wa burudani ana thamani kubwa mno, haifai avuliwe mara moja tu. Samaki anayerudishwa, alisema, ni zawadi kwa mvuvi mwingine. Maneno hayo yalipokewa polepole, lakini hali ya nchi iliyasaidia. Baada ya vita vya pili vya dunia Wamarekani walipata magari, barabara, mishipi ya nailoni na vigurudumu vyepesi vya kukunjia mshipi. Mito iliyokuwa ikifikiwa kwa safari ya siku nzima ilifikiwa asubuhi moja. Wavuvi waliongezeka, samaki hawakuongezeka.

Mwaka 1954 hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains ilitenga vijito ambamo mtu aliruhusiwa kuvua kwa furaha yake, kisha amwachilie samaki. Mwaka 1973 hifadhi ya Yellowstone ilifunga uvuvi katika daraja lake mashuhuri, ambapo watu walikuwa wakisongamana bega kwa bega, na ikaweka sharti la kurudisha samaki katika sehemu za mto. Trauti wa asili waliokuwa wamepungua wakaongezeka, na tai na dubu wanaowategemea wakapata chakula. Ikaonekana kwamba jibu limepatikana: mtu apate furaha yake, samaki apate maisha yake, na mto ubaki na watu wake.

Lakini haukupita muda mrefu. Mwaka 1994 alionekana katika ziwa la Yellowstone samaki mwingine, trauti mkubwa wa maziwa, asiyekuwa mwenyeji wa maji yale. Alikuwa ameingizwa humo pasipo ruhusa. Huyu hula trauti wa asili, na hukaa katika vina ambavyo tai na dubu hawavifikii. Idadi ya wenyeji ikaanguka vibaya, na hifadhi imelazimika kuvua wageni hao kwa nyavu mwaka baada ya mwaka. Maelfu ya wavuvi walikuwa wakiwarudisha samaki mmoja mmoja kwa uangalifu. Mkono mmoja usiojulikana ulitia kitu kimoja majini, na kazi ya wale wote ikatetereka. Adabu ya kutoa ilikuwa imefundishwa kwa karne tano. Adabu ya kutia haikuwa imefundishwa.

Jambo hili Afrika ya Mashariki ililijua kabla ya Yellowstone, na kwa gharama kubwa zaidi.

Trauti aliletwa Kenya mwaka 1905, wakati mlowezi Ewart Grogan alipoagiza mayai kutoka Scotland na kupandikiza samaki katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Mito ya juu ya milima ile ni ya baridi, na samaki wa asili humo ni wachache. Mgeni alistawi, akasambazwa katika vijito vya mlima Kenya na kwingineko, na pamoja naye ikaja adabu nzima ya Uingereza: leseni, kipimo cha chini cha samaki, idadi ya kuchukua kwa siku, na sharti la kutumia nzi wa bandia. Wakikuyu waliokuwa wakiishi kando ya mito hiyo hawakuwa na desturi ya kula samaki, na mchezo ule ulipita mbele yao kama jambo la wageni wakiburudika na mgeni mwenzao. Yamkini madhara yalikuwa madogo kuliko ya mahali pengine. Lakini somo moja lilijengeka katika fikira za watawala: kwamba mto usiokuwa na samaki mwenye kupendeza ndoana ni mto mtupu, na kwamba kuujaza ni wema.

Somo hilo likachukuliwa hadi Ziwa Viktoria. Ziwa lile halikuwa tupu. Lilikuwa na ngege, chakula cha wavuvi wa pande zote tatu, na lilikuwa na furu, samaki wadogo wa aina mamia, wengi wao wasiopatikana popote pengine duniani. Lakini furu ni mdogo na ana miiba. Hapendezi ndoana wala mizani. Katika miaka ya 1950, ngege walipokuwa wamepungua kwa sababu ya nyavu nyingi, walitokea maofisa wa Uganda waliotaka kuingiza sangara kutoka Ziwa Albert. Sangara hukua hata kupita urefu wa mtu, na uzito wake huweza kufikia kilo 200. Hoja zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, sangara atakula furu wasio na bei na kuwageuza kuwa nyama yenye bei. Ya pili, atawapa wavuvi wa burudani mchezo mkubwa, kama ule uliokuwa ukipatikana katika Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison.

Wako waliopinga. Katika kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika ya Mashariki kilichokuwa Jinja, wataalamu walionya kwamba mlaji mkubwa akitiwa katika ziwa lisilomjua, hakuna awezaye kusema atakoma wapi. Geoffrey Fryer aliandika onyo hilo waziwazi mwaka 1960. Lakini onyo lilichelewa. Ushahidi uliotolewa baadaye umeonyesha kwamba sangara walikuwa wametiwa ziwani kwa siri tangu yapata mwaka 1954. Mwaka 1960 walionekana, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha ingia, wengine wakapandikizwa hadharani mwaka 1962 na mwaka 1963.

Kwa miaka ishirini hivi ilionekana kana kwamba wapinzani walipiga kelele bure. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara walifurika. Furu wakatoweka mbele yao. Wataalamu hukadiria kwamba aina mia mbili au zaidi zilipotea, ingawa sangara hakuwa peke yake katika kosa hilo. Nyavu ndogo, uchafu uliotiririka kutoka mashambani na mijini, na upungufu wa hewa katika vina vya ziwa vilishirikiana naye. Tena si haki kusema kwamba palikuwa na hasara tupu. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Kisumu na Jinja, fedha za kigeni zikaingia, na watu wengi wakapata kazi. Lakini minofu ilikwenda Ulaya, na wengi waliokaa ufukoni wakabaki na mifupa na vichwa. Mvuvi wa mtumbwi mdogo, aliyekuwa akitega ngege karibu na nyumba yake, alihitaji sasa nyavu nzito na chombo kikubwa, na mara nyingi vyote viwili vilikuwa mali ya mtu mwingine.

Hapa inafaa kuikumbuka amri ya mwaka 1496: usivunje mtego wa maskini. Waliotia sangara hawakuvunja mtego wa mtu kwa mikono yao. Pengine kila mmoja wao alikuwa mvuvi mwenye adabu, aliyefunga lango nyuma yake na kuhesabu samaki wake. Lakini walibadilisha maji yenyewe pasipo kuwauliza walioishi kwa maji hayo, na mitego yote ya pwani nzima ikavunjika kwa mara moja. Dhana ya zamani, kwamba mwenye elimu na nafasi ndiye mwenye kiasi na kwamba maskini ndiye mharibifu, ilipata hukumu yake hapo.

Wakati Afrika ya Mashariki ikijifunza hayo, Ulaya ilikuwa ikilirudia swali la Byron. Mwaka 1972 Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria ya kulinda wanyama, inayokataza kumtia mnyama maumivu au mateso pasipo sababu ya haki. Kutokana na sheria hiyo ilitokea tafsiri ambayo ingewashangaza wafuasi wa Lee Wulff. Chakula, ilisemwa, ni sababu ya haki. Mchezo peke yake si sababu. Kwa hiyo mtu anayemvua samaki akikusudia tangu mwanzo kumwachilia, amemwumiza kwa ajili ya mchezo tu. Uswisi, kwa kanuni zake za mwaka 2008, ilikataza waziwazi kuvua kwa nia ya kurudisha.

Basi tazama jinsi tendo moja lilivyogawanya dunia. Mtu anamshika samaki, anamtoa ndoana, anamrudisha majini akaogelea. Katika mto wa Montana tendo hilo ni ustaarabu. Katika mto wa Uswisi, likiwa ndilo kusudi lake tangu mwanzo, ni kosa. Upande mmoja humtazama samaki kama kizazi: wakibaki wengi, haki imetendeka. Upande wa pili humtazama samaki kama mmoja: akiumizwa bure, dhuluma imetendeka, hata mto uwe umejaa. Wala hakuna upande uwezao kuuita wa pili mpumbavu, maana kila mmoja unashika kweli ambayo mwingine umeiachilia.

Mashindano hayo yalipata chakula kipya katika elimu. Mwaka 2002 James Rose, mtaalamu wa Marekani, alitoa hoja kwamba samaki hana sehemu ile ya ubongo ambayo kwa mwanadamu huleta utambuzi wa maumivu, hivyo kugutuka kwake si kuumia. Mwaka uliofuata Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walitangaza kwamba uso wa trauti una neva za kupokea dhara. Samaki waliodungwa asidi midomoni waliacha kula kwa muda mrefu, na baadhi yao wakasugua midomo katika changarawe. Tangu wakati huo wataalamu hawajapatana juu ya samaki anahisi nini. Lakini ushahidi umezidi kuwa mzito kwa wanaosema kwamba anahisi. Mtu mwenye adabu hangoji kila shaka iondoke ndipo aanze kuhurumia. Ikiwa yamkini kiumbe anaumia, hiyo yamkini peke yake ni mzigo.

Tena kurudisha si kuokoa kila mara. Mwaka 2005 ulichapishwa muhtasari wa utafiti mwingi ulioonyesha kwamba, kwa wastani, samaki 18 katika kila 100 wanaoachiliwa hufa baadaye, na kwamba tofauti ni kubwa sana kati ya aina na aina na kati ya mvuvi na mvuvi. Aliyemeza ndoana hadi ndani hufa kuliko aliyeshikwa mdomoni. Aliyetolewa katika kina kirefu huvimba kwa hewa. Aliyepiganiwa mno katika maji ya joto huenda zake akiwa hai machoni mwa mvuvi, naye hufia mbali asikoonekana. Hivyo huruma nayo inahitaji ufundi: ndoana zisizo na kijino cha nyuma, au zilizopindwa duara zisizoshika koo, mshipi wa nguvu ya kutosha kufupisha pambano, mikono iliyoloweshwa isitoe utando wa ngozi, samaki kuachwa majini wakati wa kumfungua. Ni ajabu kuona kwamba mshipi mwembamba, ambao kwa Holder ulikuwa ishara ya haki, umekuwa kwa wajukuu wake ishara ya ukatili. Sababu haikugeuka, ni maarifa yaliyogeuka.

Ziko pia dhuluma ambazo hazimo katika nia ya mtu hata kidogo. Kwa miaka mingi wavuvi wa Uingereza walidondosha chubwi ndogo za risasi katika mito yao pasipo kufikiri. Bata-maji weupe wenye shingo ndefu walizimeza pamoja na changarawe wanayotumia kusagia chakula, wakafa kwa sumu. Hakuna mvuvi aliyekusudia kumwua bata hata mmoja. Mwaka 1987 chubwi nyingi za risasi zilikatazwa, na bata wakaongezeka tena. Jambo dogo lenye uzito wa punje lilikuwa limeua zaidi kuliko bunduki.

Kutokana na mambo kama hayo, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwaka 2012 mwongozo maalumu wa uvuvi wa burudani, kufuatia kanuni zake za jumla za mwaka 1995 juu ya uvuvi wenye kuwajibika. Mambo yaliyojifunzwa na vizazi mbalimbali yamekusanywa humo: haki za wavuvi wengine, hasa wale wa riziki, hifadhi ya vizazi vya samaki, ustawi wa samaki mmoja mmoja, katazo la kuhamisha viumbe kutoka maji hata maji, usafi wa ukingo. Mtu akiusoma ataona kama anasoma historia iliyokunjwa, kila fungu likiwa kaburi la kosa fulani.

Hata hivyo mwongozo haushiki ufito. Katika bahari ya Watamu na Malindi, ambako nduaro na sulisuli huvutwa na kutiwa alama kisha kuachiliwa, hakuna kanuni inayoweza kumwamuru mvuvi akate mshipi upesi badala ya kumwinua samaki juu ya ubao kwa ajili ya picha. Baharia aliye pembeni, ambaye huenda nyumbani kwake samaki yule angekuwa kitoweo cha mtaa mzima, hutazama asiseme neno. Naye ana swali lake, na swali lake ni la haki: ikiwa samaki anaumizwa ili aachiliwe, na jirani ana njaa, adabu ni ya nani? Katika majibu yote yaliyohesabiwa hapa hakuna hata moja linalomtosheleza kabisa. Aliyekaribia kuliko wote ni mwandishi yule wa mwaka 1496, aliyemtaja maskini kwanza na samaki baadaye, akasema kwa wote wawili kwamba mtu asichukue kupita kiasi.

Karne tano zimemfundisha mvuvi wa burudani kuhesabu wengi: mwenye shamba, mwenye mtego, mvuvi wa kesho, mshindani, mzao, ndege wa mtoni, na mwisho yule aliye katika ncha ya ndoana. Kila aliyehesabiwa alikuwa pale tangu zamani. Hakuletwa na kitabu wala na sheria. Alikosa tu mtu wa kumwona. Na kwa kuwa daftari hilo halijafungwa, mvuvi mwenye busara, kabla hajatupa mshipi wake, hutazama tena kushoto na kulia kama yuko mwingine.